Mkunga wa Kwenye Kioo

Nimeuza samaki sokoni Nachingwea miaka kumi na moja na sijawahi kumwonea samaki huruma. Samaki kwangu alikuwa wa kupara magamba, kupaka chumvi, kutumbukiza kwenye mafuta na kumfunga kwenye gazeti, basi. Kwa hiyo mtu akiniuliza ilikuwaje nikaishia kumlisha mkunga kipande kwa kipande huku nikimwita "baba", namwambia akamuulize daktari. Yeye ndiye aliyenifungia ndani.

Mimba yangu ilikuwa ya miezi mitano. Daktari akasoma kadi ya kliniki, akaona nimewahi kuzaa mara moja na mtoto hakuwa hai. Akaniambia hakuna kusimama sokoni kutwa, hakuna kubeba ndoo, hakuna safari, na huyu atazaliwa hapa hapa hospitali. Nikamuuliza, "Hata kwa mama yangu Ruangwa nisiende?" Akasema hata kwa mama yako.

Hilo liliniuma kuliko yote. Kwetu mwanamke ambaye bado hana mtoto, siku zikikaribia anarudi kwa mama yake, na mama yangu si mama wa hivi hivi. Anaishi Namungo, huko huko Ruangwa, kule wanakochimba dhahabu, na alikuwa anazalisha wanawake tangu mimi sijazaliwa. Siku hizi wakunga wa jadi wameambiwa waache kuzalisha, kazi yao ibaki kumsindikiza mjamzito hospitali. Mama alitii, lakini alitii kama mtu aliyenyang'anywa jembe mvua zimeanza. Mimi nilitaka kitu kimoja tu: siku ikifika, awe karibu yangu. Bila yeye nilikuwa naogopa, nasema kweli. Tukakubaliana kwa simu kwamba mwezi wa nane wa mimba ukiingia, atapanda gari aje Nachingwea.

Basi nikakaa ndani. Mume wangu ni fundi friji, leo yuko Ruangwa, kesho Masasi, keshokutwa kwa ndugu zake Mtua anaangalia mikorosho. Mimi na domo langu hili, niliyezoea kubishana na wateja hamsini kwa siku, nikabaki na kuta nne. Wiki ya pili nikaanza kugombana na redio.

Yule dereva anayeleta samaki wa barafu kutoka Lindi, ambaye nimenunua kwake miaka yote, akapita asubuhi moja kunijulia hali. Mkononi ana ndoo yenye mfuniko. "Dada," akasema, "nimekuletea nyoka, usije ukasahau kazi." Nikafunua. Ndani ya maji ya bahari kulikuwa na mkunga mdogo, hai, hajafika hata kiwiko changu kutoka ncha ya kidole, mwenye madoa ya kahawia na njano. Aliingia kwenye dema la wavuvi akifuata uduvi. Huku kwetu hakuna anayenunua mkunga. Watu wakimwona kwenye sanduku la barafu wanarudi nyuma, wanasema huyo ni nyoka aliyepotea njia. Nimeshawatupa wengi. Huyu akaniinulia kichwa, mdomo unafunguka na kufunga, unafunguka na kufunga, nikamwambia, "Na wewe wamekufungia?" Nikamwonea huruma, ndiyo. Mimba inafanya mambo.

Mume wangu aliporudi jioni akakuta nimemweka kwenye beseni la kufulia, nimelifunika kwa ungo na juu nimeweka kinu. Akatazama muda. "Wenzako wanafuga kuku," akasema, "wewe unafuga kitoweo." Lakini namjua mume wangu, ukimpa kitu chenye maji na umeme hawezi kulala. Alikwenda kwa fundi vioo karibu na stendi, wakamtengenezea tangi la vioo vinne na sakafu, vimegandishwa kwa silikoni, urefu kama meza yetu ya sebuleni. Akatoa kipampu kwenye feni ya maji iliyokufa, akakifunga kwenye ndoo yenye mchanga na sponji, maji yanapanda, yanachujwa, yanarudi. Hewa ilitoka kwenye kimashine kidogo alichoagiza Dar, na umeme ukikatika kulikuwa na betri ya sola. Dereva akatuletea maji ya bahari kwenye madumu, kila safari mawili, akicheka njia nzima kwamba amegeuka kuwa muuza maji.

Nilifikiri ukishamtia samaki kwenye maji kazi imekwisha. Mbona nilikoma. Maji yalipungua kwa joto, nami kwa akili zangu nikajaza maji mengine ya bahari, yakapungua tena, nikajaza tena. Siku ya tisa mkunga akatoa kichwa juu kabisa, anahema kama mzee aliyepanda mlima. Ndipo mume wangu akanieleza kwamba maji ndiyo yanayoondoka na joto, chumvi haiondoki, inabaki. Nilikuwa nampikia mchuzi wa chumvi kila siku. Akachukua mrija wa soda, akauziba chini kwa nta, akatia punje za mchanga, akauweka uelee kwenye maji mapya ya bahari na kuchora alama kwa kalamu pale maji yalipofika. Tangu hapo, alama ikipanda juu ya maji najua chumvi imezidi, naongeza maji ya mvua taratibu mpaka alama irudi mahali pake. Nilimsifu, nikaona ameanza kujivuna, nikaacha.

Chakula chake kilikuwa vipande vya ngisi na dagaa, mara mbili kwa wiki. Haoni vizuri, ananusa. Unashika kipande kwa kibano cha mkaa, unakitikisa mbele ya bomba la plastiki anamolala, unasubiri. Kwanza inatoka pua, halafu kichwa, halafu kitu kama radi, na kibano chako ni kitupu. Mimba ilikuwa inakataa kabisa harufu ya samaki wa kukaanga, lakini huyu aliye hai haikumkataa. Nilikaa mbele ya kioo saa nzima, miguu juu ya stuli kama daktari alivyosema, na moyo wangu unatulia. Ule mdomo wa kufunguka na kufunga nilioudhania ni malalamiko, kumbe ndivyo anavyopumua. Majirani walikuja kutazama, wengine wakisema kinyesi cha nyoka kitaharibu nyumba, lakini wakikaa kidogo na wao wananyamaza.

Dereva akaleta na chewa, mtoto, wa kujaa kiganja, mwenye mdomo mkubwa kuliko akili. Nikamwomba aniletee pia visamaki vidogo vya mistari nipambe tangi. Akaleta vinne. Asubuhi vilikuwa viwili, mchana hakuna. Chewa ametulia pembeni, tumbo limemtoka, ananitazama bila aibu. Nilimfokea kweli kweli, nikamwita mlafi na mchoyo, mpaka mume wangu akatoka chumbani kuuliza nagombana na nani. Na mkunga naye siku moja alipita kwenye uwazi wa waya wa pampu, tukamkuta chini ya friji amejaa vumbi. Mume wangu alimbeba kwa taulo lililoloa kama mtoto wa kuogeshwa, akamrudisha. Tangu siku hiyo juu ya tangi kuna waya wa mbu na tofali mbili.

Sasa ndiyo nifike kwenye ulimi wangu. Mama alipiga simu mimba ikiwa ya miezi saba. Kiswahili mama alikipata sokoni, mambo yake ya ndani yote ni Kimwera, na simu ya Namungo siku hiyo ilikuwa inakatika katika.

"Mumeo yupo?" akauliza.

"Kaenda Masasi, mama. Niko na mkunga wangu tu hapa."

"Nkunga?"

"Ee. Nimemchukua tangu mwezi ule. Nina raha naye, huwezi kuamini."

"Katoka wapi?"

"Lindi."

"Ntu nzima?"

Nikasikia kama anauliza mzima. "Mzima kabisa, mama. Bado mdogo, lakini mjanja."

"Anakula nini hapo?"

"Samaki tu. Ugali hata hausogelei. Kula na kulala, basi."

Akasema labda aje mapema, asingoje mwezi wa nane. Nikakumbuka ni wakati wa kuvuna ufuta na yuko peke yake shambani. Nikamwonea huruma. "Vuna ufuta wako kwa raha, mama," nikasema. "Kwa sasa huyu ananitosha."

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nami nilijikwaa mpaka ukucha ukang'oka na sikusikia hata maumivu. Watu wa pwani mkunga kwao ni samaki pia. Mimi kwa kazi yangu nimezoea lugha ya wavuvi. Lakini Namungo mkunga ni mmoja tu, ni mama anayezalisha. Na Kiswahili chetu kinamsema samaki na mtu kwa namna moja: yupo, anakula, analala, ananitosha.

Mwezi wa nane ukaingia, mama hakuja. Nikapiga simu, haikupokewa. Nikapiga kwa jirani yake, akaniambia mama yupo shambani. Kesho yake yupo msibani. Keshokutwa yupo tu, lakini amechoka. Ningekuwa mtu wa subira ningeuliza kuna nini. Mimi nikakasirika. Nikamwambia mume wangu kama mama ameona ufuta ni bora kuliko mimi, na akae na ufuta wake, ufuta ndio utamzika. Nikalia, nikafuta macho, nikaenda kumlisha mkunga. Wiki mbili zikapita hivyo, sisi wawili kila mmoja na kiburi chake, na tumbo haliwasubiri watu wanuniane wamalize.

Mume wangu akapata kazi ya friji Ruangwa, akaona hawezi kufika huko asimsalimie mkwewe. Aliporudi alikuwa na uso wa mtu anayeumwa jino. Alikaribishwa vizuri, akala, na mama hakumtajia habari za kuja. Wakati wa kuaga akamwambia, "Baba, nyumba moja haikai wakunga wawili. Si mmempata wa Lindi."

"Ukamwambia nini?" nikamuuliza.

"Ningemwambia nini? Huyo ni mama mkwe wangu. Nianze kuongea naye mambo ya uzazi barazani?"

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika tumbo, na nikiwa bado nacheka, yale maneno ya simu yakanirudia moja moja, mpaka lile la ananitosha, na kicheko kikakatika. Nikachukua simu. Safari hii akapokea.

"Mama, yule mkunga ni samaki."

"Samaki."

"Samaki wa baharini, mama, kama nyoka, wanamwita mkunga. Nimemweka kwenye tangi sebuleni."

"Mwanangu," akasema polepole, "mimi ni mtu wa shamba, lakini usinifanye ntoto." Akakata.

Siku ya tatu yake, mchana, nasikia hodi. Mama yuko mlangoni na kapu lake, kilemba kimejaa vumbi la barabara. Nikamwamkia, akaitikia, lakini macho yalishapita begani kwangu. Hakukubali maji, hakukubali kukaa. "Nimekuja kumwona samaki anayezalisha," akasema. "Ntoe."

Nikampeleka mbele ya tangi. Chewa alikuwa pale pale anashangaa. Mama akamtazama. "Huyu?"

"Siyo huyo. Yumo ndani ya bomba."

Akaweka kapu chini. Akainama, mikono magotini, anachungulia lile tundu jeusi la bomba kama alivyochungulia mambo mengine maisha yake yote. Nikachukua kibano na ngisi, nikakitikisa. Tukasubiri. Ikatoka pua, kikatoka kichwa, taratibu, kikageuka kidogo upande, kikatulia.

"Kichwa kimetangulia," mama akasema. "Kamekaa vizuri."

Halafu akasikia alichosema. Akakaa chini sakafuni, pale pale kwenye mkeka, akacheka mpaka kilemba kikamlegea. Nami nikacheka. Mkunga akachukua ngisi wake akarudi ndani, hana habari. Mama akauliza kama analiwa, nikamwambia analiwa, cha bahari halali. Akasema hata hivyo yeye hali kitu chenye uso wa namna hiyo.

Nikafikiri yamekwisha. Nikamletea maji, akanywa nusu, akashika glasi kwa mikono miwili akiitazama.

"Nilijua ni kwa ajili ya yule," akasema.

Sikuuliza yupi. Yule wa kwanza alikuja miezi saba, nilipokwenda Namungo kusalimia tu. Gari la kunipeleka hospitali lilikuwa bado njiani. Alizaliwa nyumbani kwa mama, mikononi mwa mama, na hakulia. Mama alimpuliza, alimgeuza, alimsugua mgongo, hakulia. Tulimzika asubuhi, na tangu siku hiyo mimi na mama hatujawahi kumtaja. Mimi nilinyamaza ili nisimuumize yeye. Kumbe yeye miaka yote hiyo alikuwa anausikiliza ule ukimya wangu na kuupa maana yake.

"Nikasema," mama akaendelea, "ntoto wangu ametafuta mikono mingine. Na ana haki. Ndiyo maana sikukasirika. Niliona aibu."

Nikajishusha na tumbo langu mpaka nikakaa naye kwenye mkeka, kazi si ndogo. "Mama," nikamwambia, "yule mtoto dunia nzima alishikwa na watu wawili tu, mimi na wewe. Nitaanzaje kukuacha?"

Akalia. Mama yangu simjui kwa kulia. Alilia bila sauti, akifuta kwa ncha ya kanga, na baadaye akaniambia niinuke, nisikae chini, sakafu ina baridi, nani amenifundisha kukaa hivyo na mimba kubwa. Hapo nikajua amefika.

Alikaa nasi wiki tatu kabla ya siku. Nilishiba raha wiki hizo. Alichukua kazi ya kulisha bila kuombwa, na kila mara kichwa kikitoka kwenye bomba alisema "haya, bismillahi". Chewa hakumpenda, alisema ana macho ya mdai. Mrija wa chumvi aliuelewa mara moja. Mume wangu naye alipata mtu wa kusikiliza habari za pampu, wanazungumza kila mtu anatazama tangi, hakuna anayemtazama mwenzake, na heshima ya ukwe ikabaki salama.

Uchungu ulinianza alfajiri, saa mbili asubuhi nilikuwa wodini. Muuguzi, mama wa makamo mwenye sauti ya amri, akamzuia mama mlangoni. Ndugu hawaingii. Nilijua hivyo, mama alijua hivyo, lakini mkono wake ulipotoka kwenye wangu niliogopa upya kama siku ile daktari aliponikataza safari. Mama akasema tu, "Nipo," akatoka.

Kumbe alizunguka nyuma ya jengo. Dirisha la chumba lilikuwa na pazia, chini kioo kimefunguliwa kidogo, na mara nikasikia Kimwera kinaingia pamoja na hewa. Pumua. Usisukume bado. Legeza mabega. Muuguzi akasema, "Usisukume bado, legeza mabega," halafu akageuka kutazama dirisha. "Bibi, hapo haparuhusiwi." Sauti ikanyamaza. Maumivu mengine yakaja, ikarudi. Mara ya tatu muuguzi akaniuliza, "Anasema nini?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akasema, "Basi mwache, hajakosea."

Mtoto alizaliwa jua likiwa limepanda, msichana, na kabla hajafika hata kwenye mikono ya muuguzi alishaanza kulia, kilio cha mtu aliyeonewa, kimejaa chumba, kimetoka mpaka nje. Nilitamani asinyamaze.

Dirishani mama akauliza, kwa Kiswahili safari hii, "Analia?"

"Bibi," muuguzi akasema, "kelele zote hizi, kweli humsikii?"

"Namsikia," mama akasema. "Nataka mwanangu aniambie."

Nikavuta pumzi. "Analia, mama."